Canterbury, Gafcon au askofu wa kujitegemea: parokia ya Tanga ipime nini kabla ya kuhama

Tarehe 3 Oktoba 2025 Uingereza ilimtangaza Sarah Mullally kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Siku 13 baadaye Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, wakati huo mwenyekiti wa baraza la maaskofu wakuu wa Gafcon, umoja wa Waanglikana wenye msimamo wa kihafidhina, akatoa tamko: wao hawaitambui tena Canterbury kuwa kiungo cha Waanglikana, na Jumuiya ya Anglikana sasa ni wao, imepangwa upya. Tangu hapo Mwanglikana wa Muheza, Korogwe au Ngamiani anaweza kuulizwa na shemeji yake Mlutheri, "Ninyi mko upande gani?" Na nyuma ya swali hilo huja jambo zito zaidi. Siku moja anabisha hodi mgeni mwenye shati la zambarau na msalaba kifuani, anasema yeye ndiye askofu wa Waanglikana wa kweli, na parokia ikitaka kusalimika ijiunge naye.

Hapa tunailinganisha milango mitatu inayotajwa: kubaki na Canterbury, kwenda na Gafcon, au kumfuata askofu aliyejitenga na pande zote mbili. Tuseme mapema tunaposimama. Kwa parokia iliyo ndani ya Dayosisi ya Tanga, mlango wa kwanza na wa pili si wa parokia kuuchagua. Hayo huamuliwa na sinodi na Nyumba ya Maaskofu ya Kanisa Anglikana Tanzania. Mlango ambao halmashauri ya parokia inaweza kweli kuufungua kwa mkono wake ni wa tatu, nao ndio wenye gharama kubwa kuliko yote.

Uhalali si swali moja

Watu wakigombea kiti cha askofu, kila upande hutaja hoja yake iliyo imara na kuinyamazia iliyo dhaifu. Kwa hiyo yatenganisheni mambo manne. Kwanza daraja: je, mtu huyu aliwekewa mikono na maaskofu wa kweli? Pili eneo: hata akiwa askofu kweli, nani kampa kuchunga hapa? Tatu ushirika: makanisa gani mengine yanamtambua na kukaa naye meza moja ya Bwana? Nne sheria ya nchi: kiwanja, akaunti na mhuri ni vya nani?

Mtu anaweza kushinda katika moja na kuanguka katika mengine. Natal, Afrika Kusini, ndiko hilo lilikoonekana wazi kuliko kwingine. Mwaka 1863 Askofu Robert Gray wa Cape Town alimvua uaskofu John William Colenso, Askofu wa Natal, kwa sababu ya mafundisho yake. Mwaka 1865 Baraza la Faragha la Malkia, London, likasema Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kufanya hivyo. Colenso akabaki na kanisa kuu la Pietermaritzburg na mshahara wake. Upande wa Gray nao ukamweka wakfu William Macrorie mwaka 1869 awachunge waumini wale wale. Mji mmoja ukawa na maaskofu wawili: mmoja ana jengo, mwingine ana ushirika wa maaskofu wenzake. Mgogoro huo ni mojawapo ya sababu kubwa za kuitishwa Mkutano wa kwanza wa Lambeth, yaani mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, mwaka 1867.

Anayewaambia kwamba "mahakama imetutambua" au "tumesajiliwa" amejibu swali la nne tu. Anayewaonyesha cheti cha kuwekwa wakfu amejibu la kwanza tu. Msimruhusu achukue jibu la swali moja alilipie mengine matatu.

Canterbury: kiungo kisicho na rungu

Mkutano wa Lambeth wa 1930 uliieleza Jumuiya ya Anglikana kuwa ni dayosisi na majimbo (jimbo ni dayosisi kadhaa zilizo chini ya askofu mkuu mmoja) yaliyoundwa kihalali na yaliyo katika ushirika na kiti cha Canterbury. Leo makanisa wanachama ni 42, na Tanzania ni mojawapo. Lakini wengi huchukulia kwamba Canterbury ni kama Roma ya Waanglikana, na hapo ndipo hofu isiyo na msingi inapoanzia. Askofu Mkuu wa Canterbury hana uwezo wa kumteua, kumhamisha wala kumwondoa askofu yeyote wa Tanzania. Hawezi kuuza hata hatua moja ya kiwanja cha Magila, kituo chetu cha kale cha misheni karibu na Muheza. Anachofanya ni kualika: huitisha Mkutano wa Lambeth na mkutano wa maaskofu wakuu, na anayeitwa ndiye anayehesabiwa kuwa ndani.

Jimbo la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1960, na mwaka 1970 likagawanyika, Kenya kivyake na Tanzania kivyake, John Sepeku akiwa Askofu Mkuu wetu wa kwanza. Tangu siku hiyo kanisa hili lina katiba yake, sinodi yake na Askofu Mkuu wake. Mwaka 2018 nafasi hiyo ilimwangukia Askofu wa Tanga mwenyewe, Maimbo Mndolwa. Kwa hiyo kubadilika kwa mtu anayekaa Canterbury hakubadilishi anayewapa kipaimara watoto wa Korogwe, wala sala inayosomwa altareni, wala anayempangia padri kituo.

Udhaifu wa mlango huu ni wa kweli na haufai kufichwa. Mwaka 1998 maaskofu wa Lambeth walipiga kura 526 dhidi ya 70 kwamba ndoa ni ya mume na mke, na kwamba hawawezi kushauri kubarikiwa kwa miungano ya jinsia moja. Azimio hilo lilikuwa na uzito wa maadili lakini halikuwa na nguvu ya sheria. Mwaka 2003 Kanisa la Marekani, yaani la Episkopali, likamweka wakfu Gene Robinson, aliyeishi na mwenzi wa kiume, kuwa askofu wa New Hampshire. Februari 2023 sinodi ya Uingereza yenyewe ikaafiki sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Anayesema Canterbury imeshindwa kulinda lililokubaliwa na wengi ana hoja nzito. Mapendekezo yanayoitwa ya Nairobi na Cairo, yaliyotolewa Desemba 2024, ni ushahidi kwamba hata ndani ya jumuiya yenyewe watu wanatafuta namna ya kuacha kufungamanisha uanachama na kiti kimoja cha Uingereza.

Tazameni pia namna Tanzania ilivyolishughulikia jambo hilo bila kuhama nyumba. Desemba 2006 Nyumba ya Maaskofu ilitangaza kwamba ushirika wake na Kanisa la Marekani umejeruhiwa vibaya, na kwamba haitapokea fedha kutoka kwa wanaotetea mwenendo huo. Miezi miwili baadaye mkutano wa maaskofu wakuu wa dunia nzima ulifanyika Dar es Salaam, na saba kati yao wakakataa kushiriki meza ya Bwana pamoja na mkuu wa Kanisa la Marekani, Katharine Jefferts Schori. Hakuna dayosisi iliyobadilisha jina kwa ajili hiyo, wala kufuli la kanisa lililobadilishwa. Kukataa kushiriki na mtu ni jambo moja, kujitenga na dayosisi yako ni jambo jingine kabisa.

Gafcon: jibu la mafundisho, si askofu wa pili

Gafcon ilianzia Yerusalemu mwaka 2008 na Tamko la Yerusalemu lenye vipengele 14. Nigeria, Uganda, Rwanda na Kenya ni miongoni mwa nguzo zake. Mkutano wake wa Kigali, Aprili 2023, ulisema Askofu Mkuu wa Canterbury si tena kiungo wala wa kwanza kati ya walio sawa. Tamko la Oktoba 2025 lilikwenda mbele: majimbo yaliyo pamoja nao yasihudhurie mikutano inayoitishwa na Canterbury, yasichangie Baraza la Ushauri la Waanglikana, na yale ambayo katiba zao zinataja ushirika na Canterbury yaondoe maneno hayo. Nigeria ilikuwa imeshafanya hivyo tangu 2005.

Angalieni ni nani anaambiwa afanye hayo. Ni jimbo. Kurekebisha katiba ni kazi ya sinodi, si ya halmashauri ya parokia wala ya padri mmoja mwenye hasira. Jambo hili mtu akilielewa, nusu ya wasiwasi humtoka.

Kipengele cha 11 cha Tamko la Yerusalemu ndicho silaha bora mliyonayo dhidi ya mgeni wa zambarau. Kinasema wanatambua daraja na mamlaka ya Waanglikana wanaoshika imani na mwenendo sahihi. Maana yake, palipo na askofu anayeshika imani hiyo, mamlaka yake juu ya eneo lake yanaheshimiwa. Baadhi ya majimbo ya Gafcon yalitoa maaskofu wa pembeni Marekani kwa hoja kwamba wenyeji wameiacha imani: ndipo likazaliwa Kanisa la Anglikana la Amerika ya Kaskazini, Juni 2009, huko Bedford, Texas. Hoja hiyo haiwezi kuhamishiwa Tanga, ambako maaskofu wake wametangaza msimamo ule ule hadharani tangu 2006. Basi mtu akija Muheza akisema "mimi ni askofu wa Gafcon wa eneo hili" huku hana uhusiano na dayosisi, anapingana na tamko analolitaja. Mwulizeni kipengele cha 11 kinasemaje.

Wanaohamia Gafcon kwa kukimbia jambo fulani hukutana na mambo wasiyoyatarajia. Kubwa ni hili la wanawake. Mtu anadhani ataingia mahali pasipo na padri mwanamke. Lakini Uganda huweka wakfu mapadri wanawake, Kenya iliweka askofu msaidizi mwanamke, Emily Onyango wa Bondo, mwaka 2021, Amerika ya Kaskazini huiachia kila dayosisi iamue kuhusu mapadri, na Nigeria haiweki. Hapo hapana umoja, na hawadai kuwa nao.

La pili ni ibada. Ukristo wa Kianglikana wa Tanga ulipandwa na UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, wamisionari walioleta ubani, mavazi ya altare, Misa ya kila siku na kuungama kwa padri. Sehemu kubwa ya Gafcon, hasa matawi ya Uingereza, ni ya mkondo ule mwingine: mhubiri anaweza kupanda mimbari kwa shati la kawaida, na Ekaristi isiwe ya kila Jumapili. Wala hilo si kosa lao. Ndani ya Tanzania kwenyewe mikondo hiyo miwili inaishi pamoja, ya UMCA pwani na kusini, na ya CMS, chama kingine cha misheni cha Uingereza, Dodoma na bara. Lakini anayehama kwa kupenda ubani wa Magila ajue anahamia wapi.

Somo la Askofu Weston

Tanga ina mfano wake wa zamani, nao unatosha kufundisha darasa zima la kipaimara. Frank Weston alikuwa Askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi alipofariki 1924, na Magila, Muheza na Korogwe zilikuwa chini yake. Mwaka 1913 maaskofu wa Mombasa na Uganda walikutana Kikuyu na misheni za Kiprotestanti kupanga ushirikiano, na mwishoni Askofu Peel wa Mombasa akaongoza Ekaristi ndani ya kanisa la Waskoti na kuwapa wasio Waanglikana. Weston aliwashitaki wote wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, kwa kosa la uzushi. Mwaka 1915 akaenda mbali zaidi: akatangaza kwamba dayosisi yake haina ushirika na Askofu wa Hereford, Uingereza, kwa kumpa cheo mwanazuoni ambaye Weston aliyaona mafundisho yake kuwa yanabomoa imani.

Hakuhamisha dayosisi. Hakutafuta askofu mkuu mwingine wa kumkingia kifua. Aliandika, akashitaki, akakata ushirika na mtu mmoja kwa sababu aliyoitaja wazi, na mwaka 1920 akahudhuria Lambeth pamoja na wale wale aliogombana nao. Kwa anayetafuta namna ya kupinga bila kuvunja, utaratibu huo uko wazi.

Mlango wa tatu: maaskofu waliojitenga

Hapa tukae kidogo, maana ndipo parokia zinapotumbukia.

Kundi kongwe na lenye heshima zaidi katika mlango huu lilitokana na mkutano wa St. Louis, Marekani, Septemba 1977. Mwaka mmoja kabla yake Kanisa la Marekani lilikuwa limeruhusu mapadri wanawake na kupitisha kwa mara ya kwanza kitabu kipya cha sala. Waliokataa walihitaji maaskofu, na tarehe 28 Januari 1978, Denver, Charles Doren akawekwa wakfu. Desturi ya Kanisa, kwa kanuni ya 4 ya Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, ni kwamba maaskofu wasipungue watatu. Siku hiyo walikuwepo wawili waliowekea mikono: Albert Chambers, askofu mstaafu wa Springfield, na Francisco Pagtakhan wa kanisa huru la Ufilipino. Wa tatu, Mark Pae wa Korea, alituma barua ya kuafiki. Barua haiweki mikono. Watetezi wanajibu kwamba hata askofu mmoja anatosha kwa daraja kuwa la kweli, na watatu ni kwa ajili ya utaratibu mwema. Wanateolojia wengi wanaikubali hoja hiyo, kwa hiyo katika swali la kwanza kundi hili lina la kusema. Katika la pili na la tatu halina: hakuna jimbo lililowatuma wala jumuiya kubwa iliyowapokea.

Kilichofuata ndicho cha kuogopa. Waliokuwa kitu kimoja St. Louis waligawanyika karibu mara moja, kila askofu na kundi lake, na ilichukua hadi Oktoba 2017 kwa makanisa manne kati yao kutia sahihi mkataba wa ushirika kamili. Sababu inaeleweka: askofu anayejitenga kwa kusema dhamiri iko juu ya sinodi amewafundisha mapadri wake njia hiyo hiyo, na siku wakitofautiana naye wataitumia kwake.

Ibada ya makanisa haya inafanana sana na ya Magila ya zamani: ubani, kalisi iliyofunikwa, padri akiangalia altare. Mzee aliyelelewa na UMCA akiingia humo anaweza kutoa machozi. Tunaheshimu machozi hayo, lakini ubani haumpi mtu dayosisi.

Chini ya kundi hilo kuna wengine wasio na dayosisi wala sinodi, maaskofu wa kuzunguka. Alama yao ni karatasi ya nasaba: orodha ndefu ya majina ya nani alimwekea nani mikono, imegongwa mihuri miwili mitatu na kuwekwa ndani ya fremu. Isomeni kutoka chini kwenda juu. Mara nyingi mtakuta jina la Arnold Harris Mathew, Mwingereza aliyewekwa wakfu Utrecht, Uholanzi, mwaka 1908 na Wakatoliki wa Kale, kanisa lililotengana na Roma, kisha akaachana nao muda si mrefu na kuendelea kuweka maaskofu peke yake. Kutoka kwake imetoka mizizi mingi ya maaskofu wasio na waumini. Nasaba inaweza kuwa ya kweli kila mstari na bado mwenye nayo asiwe na kazi yoyote halali Tanga.

Wapo pia wanaofikiria Roma. Kwa ufupi: mwaka 1896 Papa Leo XIII alitangaza daraja za Kianglikana kuwa batili, na mwaka 2009 Benedikto XVI akafungua utaratibu maalumu wa kuwapokea Waanglikana kwa vikundi. Taasisi zilizoundwa kwa utaratibu huo ziko Uingereza, Amerika ya Kaskazini na Australia. Mtu wa Tanga anayetaka hivyo aende tu parokia ya Katoliki iliyo jirani, na padri anayehama ajue atawekewa mikono upya.

Mali: funguo zinapobadilishwa

Harare inafaa kukumbukwa kila mara mtu anaposema "tutajitenga na kanisa letu tukiwa nalo". Mwaka 2007 Askofu Nolbert Kunonga alijitoa katika Jimbo la Afrika ya Kati, akasema sababu ni suala la jinsia moja, na akashikilia majengo. Waumini waliobaki na jimbo walifungiwa nje ya makanisa yao kwa takribani miaka mitano, wakasali chini ya miti na katika kumbi za kukodi. Tarehe 19 Novemba 2012 Mahakama ya Juu ya Zimbabwe ikaamua: aliyejitoa katika kanisa ameiacha na mali ya kanisa hilo. Majengo yakarudi kwa dayosisi chini ya Askofu Chad Gandiya.

Si kila mahakama inaamua hivyo. Huko Marekani, Virginia mahakama iliirudishia dayosisi majengo yaliyokuwa mikononi mwa parokia zilizojitenga. Lakini Texas, mwaka 2020, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliwapa mali waliojitenga wa Fort Worth. Tofauti ilitokana na sheria za kila jimbo na maneno yaliyoandikwa kwenye hati na katiba. Kwa hiyo msisikilize mtu anayesema "kesi kama hii ilishinda" bila kutaja hati ilisomekaje.

Tanzania kwa kawaida kiwanja cha kanisa huandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, na wadhamini husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Jina la parokia haliandikwi kwenye hati. Halmashauri ya parokia inatunza tu, haimiliki, na haiwezi kutoa isichomiliki. Fanyeni upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi kabla mgogoro haujaja. Makanisa mengi ya vijijini hayana hati kabisa. Mpaka wake ni mstari wa mikonge iliyopandwa na wazee waliokwishalala. Mahali pa namna hiyo ndipo panapovamiwa kwanza. Pigeni picha mpaka, chukueni sahihi za majirani na mwenyekiti wa kijiji, pelekeni nakala kwa dayosisi.

Akaunti ya benki huibwa kwa njia moja inayojirudia: muhtasari wa kikao ambacho hakikufikia akidi, unaosema watia saini wamebadilishwa. Andikeni majina ya waliohudhuria kila mtu kwa mkono wake, na padri asibaki na mhuri na kitabu cha hundi kwa pamoja. Vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa ni vya thamani kuliko viti vyote, kwa kuwa kitabu kikipotea mtu hana tena ushahidi wa kubatizwa kwake. Orodha ya vyombo, yaani kalisi, patena, msalaba wa maandamano, kengele, itengenezwe nakala tatu: sakristia, kwa arkidiakoni, na ofisi ya dayosisi.

Kumpima mgeni

Mkaribisheni, mpeni chai, msimpe mimbari. Mwombeni aandike kwa mkono wake: tarehe na mahali alipowekwa wakfu, majina ya maaskofu wasiopungua watatu waliomwekea mikono na dayosisi zao, jina la askofu mkuu aliye juu yake, na sinodi iliyomchagua. Asiye na la kuficha huandika kwa dakika tano. Anayesema mambo hayo ni "ya kiroho, si ya karatasi" amekwishajibu.

Kisha ulizeni barua ya Askofu wa Tanga. Hata askofu halali kabisa wa Kenya au wa Masasi hawezi kutoa kipaimara Korogwe bila ruhusa ya mwenye eneo, na askofu halali hujua hilo na huja na barua. Msiipokee nakala ya simu. Pigeni ofisi ya dayosisi kwa namba mliyonayo ninyi, si aliyowapa yeye. Orodha ya dayosisi za Jumuiya ya Anglikana iko wazi kwenye tovuti yake. Jina lisipokuwepo, mwulizeni kwa nini.

Usajili wa jumuiya kwa Msajili katika Wizara ya Mambo ya Ndani ni wa lazima kwa kundi lolote la dini, lakini unathibitisha kwamba lipo kisheria, haumfanyi mtu kuwa askofu. Cheti hicho ndicho kinachopeperushwa zaidi, na ndicho kinachothibitisha kidogo zaidi.

Angalieni anachotaka kwanza. Anayeuliza hati, akaunti na watia saini kabla hajauliza wagonjwa wenu ni wangapi, mnajua alichokijia.

Ndoa, upadri na safari

Ndoa haisubiri ugomvi wa maaskofu uishe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, na anayefungisha awe na leseni ya serikali. Padri aliyehamia kundi jipya asitegemee kwamba leseni aliyoipata kupitia dayosisi inamfuata. Bi harusi na wazazi wake wana haki ya kuomba kuiona leseni, na waombe mapema, kabla kadi hazijachapwa. Ndoa ikifungishwa na asiyeruhusiwa, taabu hujitokeza miaka mingi baadaye, kwenye mirathi au viza.

Ubatizo hauna shaka hiyo: uliotolewa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu haurudiwi, hata aliyebatiza akiwa wa kundi lililojitenga. Hakuna mtoto wa kuadhibiwa kwa kosa la padri.

Kijana anayetaka upadri ndiye anayeumia zaidi akikosea mlango. Kundi dogo linaweza kumwekea mikono ndani ya miezi michache, bila chuo. Akitaka kurudi, dayosisi itamchunguza upya na huenda ikaanza naye mwanzo. Daraja la Kanisa la Anglikana la Amerika ya Kaskazini liko tofauti: mwaka 2017 maaskofu wakuu wa Canterbury na York walilitambua, ingawa kanisa lenyewe si mwanachama wa jumuiya yao. Mfano huo peke yake unaonyesha kwa nini swali la daraja na la ushirika hayachanganywi.

Anayehamia Houston, Marekani, au Reading, Uingereza, yeye ana uchaguzi wa kweli kati ya mlango wa kwanza na wa pili, kwa sababu huko yote miwili iko mtaa mmoja. Asiende kwa jina lililo kwenye kibao. Achukue barua ya utambulisho kutoka kwa padri wake, ahudhurie Jumapili tatu kila mahali, amwulize kiongozi waziwazi anafundisha nini kuhusu ndoa na kama Ekaristi ni ya kila Jumapili, na amwandikie padri wa nyumbani kabla ya kupeleka mtoto kwenye kipaimara.

Mgeni akishaondoka, jibu la maandishi litolewe ndani ya wiki moja, kwa lugha ya adabu, likitiwa sahihi na mwenyekiti na katibu wa halmashauri, nakala kwa arkidiakoni na kwa askofu. Maneno matatu yanatosha: kwamba parokia iko chini ya Askofu wa Tanga, kwamba mambo ya Canterbury na Gafcon yatajadiliwa na wajumbe wetu katika sinodi, na kwamba mtu asiye na leseni ya Askofu wa Tanga hatahudumu kwenye altare hii.